CD 214 za marehemu baba: shajara ya kuchagua fomati

Jumamosi, 4 Januari 2025

Nimezihesabu leo, ni 214. Zimo katika makasha matatu ya mbao sebuleni kwetu, hapa Ngamiani, Tanga, na tangu baba afariki hakuna anayezigusa isipokuwa mijusi. Redio yake ya CD ilitangulia kufa. Mama siku hizi husikiliza taarabu kwenye simu ya mjukuu wake, na bando likikatika, taarabu nayo imekatika.

Nia ni kuzikopi zote, niziweke kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyo jirani na ruta, halafu kila chombo cha humu ndani kizivute kwa waifai bila kwenda intaneti. Kukopi kwenyewe ni jasho tu. Kinachoninyima raha ni fomati, yaani namna ya kuhifadhi sauti ndani ya faili.

Nina sababu ya kuogopa. Mwaka 2009 nilikopi CD kama arobaini za baba kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Flashi yangu ilikuwa ya GB 2 na nikajiona mjanja. Baadaye CD zikaazimwa kwa ajili ya harusi, na tisa hazikurudi. Za hizo tisa nimebaki na MP3 zile zile, zenye makofi ya watu yanayosikika kama mahindi kikaangoni. Ujanja wa GB 2 naulipa mpaka leo.

Jumapili, 5 Januari

Hesabu kwanza. CD ya muziki haijabanwa hata kidogo. Kila sekunde sauti hupimwa mara 44,100, kila kipimo biti 16, kushoto na kulia. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani MB 10 na ushei kwa dakika.

Nimechukua CD moja ya taarabu iliyochapwa Ufaransa, dakika 61, nikaigeuza kila namna:

WAV: MB 646
ALAC: MB 379
FLAC, kiwango cha 5 cha kubana: MB 371
FLAC, kiwango cha 8: MB 368
MP3 ya LAME (programu ya kutengenezea MP3), V0 (biti hupanda na kushuka kulingana na muziki): MB 112
Opus, kilobiti 128: MB 60

Kuna familia mbili hapo. WAV, FLAC na ALAC hurudisha sauti ile ile, biti kwa biti. MP3 na Opus hutupa kile zinachodhani sikio halitakisikia. FLAC ni kuikunja kanzu iingie sandukuni; MP3 ni kuipunguza kwa mkasi. Ukiikunjua ya kwanza ni kanzu ile ile, pasi tu inahitajika.

WAV naitoa mapema. Nafasi ninayo, diski ya nje ni ya TB 1, lakini WAV haina utaratibu wa kutegemewa wa kubeba jina la wimbo, mwimbaji na picha ya kava. Programu moja huandika hivi, nyingine haioni. Nyimbo elfu mbili zisizo na majina ni ghala lililozimwa taa.

Kati ya ALAC na FLAC sikuumiza kichwa. ALAC ni ya Apple, ya mwaka 2004, na tangu 2011 msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Si mbaya. Lakini mwenye iPhone humu ndani ni binti yangu peke yake, na programu atakayovutia nyimbo inacheza FLAC vizuri. FLAC ilianzishwa na Josh Coalson, toleo la kwanza rasmi likatoka 2001, ni huru, na mwezi uliopita tu IETF, wanaoweka viwango vya intaneti, wameichapisha kama kiwango chao, RFC 9639. Tena siku nikibadili mawazo, FLAC inageuzwa ALAC bila kupotea hata biti moja. Huu uamuzi si ndoa ya mkeka.

Kiwango cha 8 kimeniokolea MB 3 dhidi ya cha 5. Wanaobishana viwango hivi usiku kucha wana umeme wa bure. Natumia 5.

Jumamosi, 11 Januari

Binti ameniuliza swali la haki: "Baba, kama Opus ni MB 60 na FLAC ni 371, wewe utasikia tofauti?"

Tukapima kwa foobar2000, programu ya kuchezea muziki, na kiongezi chake cha ABX, kinachokuchezea bila kukwambia ni ipi. Headphone nzuri ya binti, feni imezimwa, mlango umefungwa. FLAC dhidi ya Opus 128: nimepatia 9 kati ya 16. Hapo nimekisia tu. FLAC dhidi ya V0: 8 kati ya 16. FLAC dhidi ya MP3 128 zangu za 2009: 15 kati ya 16.

Kilichonisaidia kwenye hizo za 2009 ni ala mbili za taarabu, kanuni na rika. Nyuzi za kanuni zinapodonolewa, sauti huanza ghafla, na MP3 ya chini hutanguliza kivuli cha mlio kabla ya mlio wenyewe, kitu kama pumzi. Ukishakisikia mara moja huwezi kukisahau, na hiyo ndiyo hasara ya kipimo hiki.

Kwa hiyo sikio langu halihitaji FLAC. Nimeandika hapa makusudi nisije nikajidanganya baadaye. Naichagua FLAC kwa sababu nyingine: faili iliyokwisha kupunguzwa ukiigeuza tena hupunguzwa mara ya pili. Kesho redio ya gari itataka MP3, keshokutwa simu itataka Opus, na baada ya miaka kumi kitakuja kitu kingine. Nikiwa na FLAC nakata kanzu mpya kila mara kutoka kwenye kitambaa kizima.

Jumapili, 12 Januari

Siku ya Mapinduzi, niko nyumbani. Jambo moja dogo lililonishangaza.

Kuna CD ya onyesho la moja kwa moja ambamo fidla hazinyamazi kati ya wimbo wa tatu na wa nne. Kwenye FLAC zinapita kama maji. Kwenye MP3 kuna kwikwi. MP3 hupanga sauti katika vipande vya vipimo 1,152, na kodeka (programu inayobana sauti) huongeza ukimya kidogo mwanzoni na kujaza pengo mwishoni. LAME huandika kiasi hicho ndani ya faili ili programu ya kuchezea ikiondoe, lakini programu ya televisheni yetu haisomi maandishi hayo. FLAC inajua idadi kamili ya vipimo na inaishia hapo hapo.

Mama hajui MP3 wala FLAC, ila kwikwi ameisikia kutoka jikoni. "Hiyo yako inakatika." Kura imepigwa.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeanza kukopi. Laptopu kuukuu ya Windows, kiendeshi cha CD cha nje, na Exact Audio Copy. Programu hii husoma sehemu moja zaidi ya mara moja ikishuku, na mwisho hulinganisha matokeo na AccurateRip, hazina ya namba za uhakiki kutoka kwa watu wengine wenye CD hiyo hiyo. Namba zikifanana na za mtu wa Lyon au Berlin, nina hakika nimetoa kilichomo.

CD moja safi, dakika nane. Yenye mikwaruzo, saa nzima na mlio wa kinu.

Somo la kufuta vumbi kwenye CD: toka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe. Mfumo wa CD wa kusahihisha makosa huvumilia mkwaruzo unaokatiza njia ya data, lakini mkwaruzo unaoifuata njia hula data nyingi mfululizo. Baba alikuwa akifuta kwa kuzungusha, kwa pindo la kikoi, na mchanga wa Tanga ukafanya yake.

La pili limeniuma zaidi. Tunalinda upande unaong'aa, kumbe tabaka linaloakisi mwanga liko juu, chini ya lebo, limefunikwa na rangi nyembamba tu. Baba aliandika jina lake kwa kalamu ya wino juu ya kila CD ili waazimaji wasisahau, na aliandika kwa mkono wa mtu wa bandarini. CD sita za kiwandani zimepata makosa pale pale jina lake linapopita.

Jumapili, 26 Januari

Wiki nzima nilikuwa nasubiri kuandika haya.

Nimezitenga CD katika mafungu. Za kiwandani, zilizochapwa, ni 118. Za kuchoma ni 89, zile zenye mgongo wa kijani au wa buluu tulizouziwa kwenye vibanda vya stendi na sokoni, kava ya fotokopi ya rangi. Na 7 si CD za muziki kabisa, ni CD za data zenye MP3 mia na kitu kila moja, "hits zote".

Hizo 7 zimechukua dakika ishirini jumla. Nimenakili faili kama zilivyo. Kuigeuza MP3 iwe FLAC ni kuijazia sanduku magazeti lionekane lina nguo.

Kwenye zile 89 ndiko kwenye kisa. Kila moja inacheza kama CD ya kawaida, na Exact Audio Copy inaisoma kama ya kawaida. Nikafungua faili moja kwenye Spek, programu inayochora sauti kwa rangi, chini besi na juu mlio mwembamba. CD ya kiwandani huchora rangi mpaka karibu na kilohezi 22 (kipimo cha wembamba wa mlio). Hii ilifika 16 ikakatwa, mstari umenyooka kama ukuta. Huo ni mkono wa MP3 ya 128: kodeka hutupa kila kilicho juu ya hapo ili kuokoa nafasi. Muuza CD alichukua MP3, akaigeuza kuwa CD ya muziki, akaichoma, akaiuza. Baba akalipa bei ya CD, akapata MP3 iliyovaa kanzu.

Nimezipima zote. 61 zina ukuta huo.

Mstari peke yake si hukumu, niseme. Kanda za zamani zenyewe hazina mengi huko juu, na rekodi ya miaka ya sitini inaweza kuishia mapema bila kuguswa na MP3. Lakini kanda hufifia polepole, kama jua la magharibi. Ukuta ulionyooka, mahali pamoja, kila wimbo, ni kazi ya programu.

Sasa swali: hizi 61 niziweke kwa fomati gani? Rafiki yangu mmoja aliniambia kwa simu, "Zifanye MP3 tu, si zilikuwa MP3?" Ina mantiki mpaka uifikirie. Zile MP3 za awali sinazo. Nilicho nacho ni mabaki yake, na nikiyapitisha kwenye mkasi mara ya pili natoa na kilichobaki. Kwa hiyo zinakwenda FLAC vilevile. Haziongezeki uzuri, ila hazipungui zaidi. Kwenye kila moja nimeandika maelezo ndani ya faili: "chanzo: CD ya kuchoma, inaelekea ilitoka MP3." Atakayezirithi baada yangu asije akaona neno FLAC akadhani ana dhahabu.

Ugunduzi wa furaha kidogo: CD moja ya kiwandani ya rekodi za zamani za mono imebanwa hadi asilimia 31 ya ukubwa wake. FLAC iliona kushoto na kulia ni kitu kimoja, ikahifadhi mara moja tu.

Jumapili, 9 Februari

Seva inafanya kazi. Navidrome, programu ya kugawa muziki, juu ya Raspberry Pi 4, diski ya nje, na programu za simu zinazozungumza lugha ya Subsonic, ambayo seva hiyo inaielewa. Ndani ya nyumba FLAC inakwenda kama ilivyo, wastani wa kilobiti 800 kwa sekunde, na waifai haitoki hata jasho.

Nje ya nyumba ni habari nyingine. Dada yangu yuko Dar es Salaam, anaingia kwa VPN, njia ya faragha ya kufikia mtandao wa nyumbani kutoka mbali. FLAC ingemla MB 360 kwa saa. Nimeipangia simu yake ipewe Opus ya kilobiti 96. Seva inaigeuza papo hapo anapobonyeza, MB 43 kwa saa, na kwenye daladala la Mbagala hakuna sikio litakalolalamika.

Spika ya Bluetooth ya mama imenichekesha. Nimehangaika mwezi mzima na biti, kumbe simu ikituma sauti kwa Bluetooth inaibana upya kwa kodeka ya Bluetooth yenyewe, SBC kwa spika hii. FLAC inafika mlangoni, inavuliwa viatu. Bado ni afadhali ipunguzwe mara moja kuliko mbili.

Gari: redio yake inasoma MP3 tu, kutoka flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, na ikipewa V0 inaonyesha dakika za uongo. Nimelitengenezea flashi ya MP3 za kiwango kimoja, 192. Flashi ni ya kutupa. Ikipotea natengeneza nyingine wakati wa chai.

Alhamisi, 20 Februari

Umeme ulikatika jana jioni mara tatu ndani ya dakika kumi, diski ikiwa katikati ya kuandika. Leo asubuhi kila kitu kilionekana kizima. Majina yapo, picha zipo.

Kwa kawaida faili ya FLAC hubeba ndani yake alama ya MD5 ya sauti asilia (namba inayobadilika sauti ikibadilika hata biti moja), iliyowekwa siku ya kutengenezwa. Nikapiga `flac -t`, amri ya kuhakiki alama hiyo, kwa mafaili yote, nikaenda kuoga na kurudi. Mbili zimefeli. Kwa sikio, moja ilikuwa na mlio mdogo wa ghafla dakika ya sita ambao ningedhani ni mkwaruzo wa CD, na nyingine sikusikia kitu kabisa.

MP3 zisingenong'ona. Nimezikopi upya hizo mbili kutoka CD, nimenunua UPS ndogo, na nakala ya pili ya diski nzima inakwenda Dar kwa dada na basi la kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Ramadhani. Spika kimya, mwezi wa kusoma Qurani na wa kazi isiyohitaji sauti. Nimebaki na majina, na majina yamekula muda kuliko kukopi.

MusicBrainz Picard, programu ya kujaza majina ya nyimbo, inajua CD nyingi za Ulaya na inajaza yenyewe. Za kwetu inabidi uandike. Na ukiandika unagundua hatujawahi kukubaliana. Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu, ameandikwa namna nne kwenye makava manne. Culture Musical Club, kikundi cha taarabu cha Zanzibar, ni Mila na Utamaduni kwenye kasha jingine. Bendi iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, na seva inaziona kama bendi nne zisizojuana.

Nilichoamua: sehemu ya msanii inabaki kama kava ilivyoandika, kwa sababu NUTA ni NUTA. Sehemu ya msanii wa albamu naandika jina moja, Msondo Ngoma, ili mama akibonyeza hapo apate umri wote wa bendi.

Taarabu ina shida yake. Programu za kizungu hutanguliza msanii na mtunzi wa muziki. Kwetu kuna kikundi, kuna mwimbaji, kuna aliyetia muziki, na kuna mwenye shairi, ambaye pengine hata hakuingia studio. Hapa FLAC imenifurahisha: lebo zake ni maneno huru, unaandika jina la sehemu upendalo. Nimetumia za kawaida zinazoeleweka na seva, nikaongeza SHAIRI pale mama alipomkumbuka mwenye shairi. Anakumbuka wengi. Tunakaa baada ya tarawehe, nasoma mstari wa kwanza, anasema, "Huyo ni wa Pangani, alimtungia mke wa mtu," naandika nusu yake. Kubadili lebo hakugusi MD5, kwa kuwa ile inapima sauti peke yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita. CD 211 zimo, GB 76 pamoja na zile MP3. Kati ya 118 za kiwandani, 97 zimekubaliana na AccurateRip. 15 hazimo kwenye hazina yake, hivyo nimezikopi mara mbili nikalinganisha namba. 6 ni zile za kalamu, na tano kati yake zimesomeka kwa kiendeshi nilichoazima. Vifaa havisomi mikwaruzo sawasawa, jaribu cha jirani kabla ya kukata tamaa.

Zimebaki 3. Mbili za kuchoma, rangi yake imefifia mpaka unaona kidole upande wa pili. Zilikaa dirishani. Ya tatu ni ya kiwandani, jina la baba limepasua wimbo wa pili.

Hiyo ya tatu mjomba wangu aliyeko Muscat anayo. Nilimwomba wiki iliyopita, na jana akanitumia wimbo wenyewe kwa simu. Nikauweka Spek. Ukuta, kilohezi 16.

Nikampigia. "Shikamoo mjomba. Nashukuru, ila naomba CD yenyewe."

"Marahaba. CD yenyewe ya nini na wimbo nimekwisha kukutumia?"

Nikamweleza kanzu na mkasi. Akanyamaza kidogo, akasema kuna mtu wake anakuja Tanga mwezi wa tano, atampa. Nimemsihi aifunge kwenye kasha gumu, na asiandike jina langu juu yake.